Bunduki ya Marisau au Raifeli Ndogo?



Mkulima aliyepewa kibali cha Serikali, akitaka kununua bunduki moja tu, achague ipi?

Bunduki ya marisau, namba 12, kila ipigwapo hutoa punje nyingi zinazotawanyika. Kwa hiyo yamfaa mtu anayelenga kitu kinachokimbia au kuruka. Lakini nguvu yake ni ya karibu: kwa marisau madogo, mita 40 hivi ndio mwisho wake. Tena husukuma bega kwa nguvu, na risasi zake ni nzito kuchukua.

Raifeli ya .22 ina tundu lisilofika milimita 6. Mshindo wake ni mdogo, risasi zake ni nafuu, nayo hulenga barabara kitu kilichotulia. Kwa sababu hiyo watu huidharau, na hapo ndipo penye hatari. Marisau madogo huanguka kabla ya mita 300, risasi ya.22 yaweza kupita kilometa moja, na ikigonga jiwe au maji hugeuka njia.

Basi tazameni kwanza mahali mnapokaa. Penye mashamba yaliyokaribiana na watoto wachungao mbuzi, shauri langu ni marisau. Raifeli ni ya mahali penye ukingo wa udongo nyuma ya shabaha.

Tena kumbukeni kuwa kibali cha bunduki si ruhusa ya kuwinda. Kenya ilipiga uwindaji marufuku mwaka 1977.

Neno likitoka mtu aweza kuomba radhi. Risasi ikitoka hairudi.