Picha za Simu Zina Tarehe: Tuzipange

Mazungumzo na wanakisomo wa Mpanda na vijiji vya Mkoa wa Katavi



Mwaka 1971 Wilaya ya Mpanda ilikuwa moja ya wilaya sita zilizopewa kazi ya kufuta ujinga wa kusoma na kuandika mapema kuliko nyingine. Wenzetu walikuwa Mafia, Ukerewe, Masasi, Pare na Kilimanjaro. Wazee wetu walisoma ili wasipunjwe kwenye mizani. Leo Mpanda iko katika Mkoa wa Katavi, ulioanzishwa mwaka 2012, na kisomo kimeongezewa kazi. Sasa tusome pia yaliyomo ndani ya simu zetu.

Simu nyingi kijijini zimejaa picha. Kuna harusi, mtoto, mbuzi, shamba, kikao cha kikundi, na picha za kutumiwa na watu. Zote zimechanganyika kama mahindi, maharage na karanga katika gunia moja. Siku unapoitaka moja, huioni.

Kwa nini jambo hili linatuhusu?

Tuchukue mfano. Mkulima ana shamba la mahindi karibu na Sitalike, jirani na Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Usiku tembo wanaingia. Asubuhi anapiga picha kwa simu. Serikali ina kanuni za mwaka 2011 kuhusu hasara iletwayo na wanyama wakali na waharibifu. Aliyeharibiwa mazao anaweza kuomba kifuta jasho. Aliyejeruhiwa, au ndugu wa aliyeuawa, kifuta machozi. Lakini taarifa itolewe kijijini mapema, na ofisa aje kukagua.

Ofisa anauliza, "Waliingia lini?" Mume anasema Jumanne, mke anasema Alhamisi. Picha zipo, lakini ipi ni ya mwaka huu, na ipi ni ya mwaka jana? Mahindi yaliyolala chini yanafanana. Ndugu zangu, picha isiyojulikana tarehe ni sawa na shahidi asiyekumbuka siku.

Picha ya simu ina mgongo

Zamani tulipiga picha studio. Nyuma ya ile karatasi tuliandika kwa kalamu: jina, mahali, tarehe. Picha ya simu nayo ina mgongo wake. Kamera ikipiga, huandika yenyewe ndani ya picha tarehe, saa na aina ya simu, na pengine mahali. Utaratibu wa maandishi hayo huitwa EXIF. Ulitungwa Japani mwaka 1995, na kamera na simu nyingi huufuata.

Maandishi hayo hayaonekani juu ya picha. Fungua picha, kisha bonyeza vitone vitatu, au herufi i iliyo ndani ya duara, au isukume picha juu kwa kidole. Tafuta neno Maelezo. Simu yako ikiwa ya Kiingereza, mwombe kijana akuonyeshe mara moja, halafu rudia mwenyewe.

Saa ya simu si kama saa yetu. Ikiandika 14:30, toa 6: ni saa nane na nusu mchana. Hesabu ni hii:

Kuanzia 00 mpaka 06, ongeza 6.
Kuanzia 07 mpaka 18, toa 6.
Kuanzia 19 mpaka 23, toa 18.

Basi 05:10 ni saa kumi na moja na dakika 10 alfajiri.

Mambo yanayoharibu tarehe

Kwanza, saa mbovu. Simu huandika tarehe inayoijua. Ikikosea, picha nayo itakosea. Ukikuta picha ya jana imeandikwa mwaka 1970, usishangae: simu nyingi huanza kuhesabu siku kutoka 1 Januari 1970. Ingia kwenye Mipangilio, tafuta Tarehe na Saa, uiache simu ichukue saa kutoka mtandao.

Pili, kutuma kwa WhatsApp. Ukituma picha kwa njia ya kawaida, maandishi ya mgongoni huondolewa. Jina hubadilika, kwa mfano IMG-20240312-WA0005. Hapo 20240312 ni tarehe 12 Machi 2024, lakini ni siku ya kutumwa au kupokewa, siyo lazima iwe siku ya kupigwa. Picha ya ushahidi itume kama hati, ndipo mgongo wake utafika mzima.

Tatu, kupiga picha ya picha. Ukipiga picha kioo cha simu, unapata picha mpya yenye tarehe mpya. Tunza ile ya kwanza. Usiikate, usiiongeze rangi.

Jinsi ya kupanga

Tengeneza mafaili ndani ya simu, kila mwezi faili lake. Anza na mwaka, kisha mwezi: 2024-01, 2024-02, 2024-03. Kwa nini mwaka utangulie? Simu hupanga majina kwa kufuata tarakimu ya kwanza. Ukianza na siku, tarehe 1 Desemba itakaa mbele ya tarehe 2 Januari. Ukianza na mwaka, zitajipanga zenyewe.

Kikundi chenye picha nyingi kinaweza kutumia kompyuta. Iko programu ya bure iitwayo ExifTool. Husoma mgongo wa kila picha na kuzipanga zote kwa tarehe, hata zikiwa maelfu. Kabla ya kuitumia, weka nakala ya picha zote mahali pengine, maana simu hupotea, na kadi huharibika.

Daftari lisiachwe

Tarehe ya ndani ya picha inaweza kubadilishwa na mtu mjanja. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakubali kumbukumbu za kielektroniki mahakamani, lakini mahakama hupima zilivyotengenezwa na zilivyotunzwa. Kwa hiyo andika pia daftarini: namba ya picha, tarehe, mahali, aliyepiga, na aliyeshuhudia. Mjulishe mwenyekiti wa kitongoji siku ileile. Picha, daftari na jirani vikisema siku moja, nani atabisha?

Tena tuwe waangalifu. Kama simu inaandika mahali, picha ya mizinga yako huko porini Inyonga inaweza kumwonyesha mwizi njia ya kufika kwenye asali. Picha kama hiyo usimpe usiyemjua.

Kazi ya kikundi

1. Kila mwenye simu afungue picha tatu na kuwasomea wenzake tarehe na saa, kwa hesabu yetu ya Kiswahili.
2. Jadilini: ni picha zipi za kijiji chetu zinazopaswa kutunzwa miaka mingi? Mipaka ya mashamba? Mafuriko? Vikao?
3. Chagueni mtu wa kutunza daftari la picha, na mwingine wa kutunza nakala.

Anzeni na picha za mwezi huu, kisha rudini nyuma mwezi baada ya mwezi. Haba na haba hujaza kibaba.

Elimu haina mwisho.