Kadi Haimzuii Mbu: Homa ya Manjano na Msafiri wa Afrika Mashariki



Nimeomba jioni hii tuzungumze habari ya chanjo ambayo wengi wetu tuliipata kwa sababu ya safari tu. Muulize mfanyabiashara wa Kariakoo anayekwenda Lubumbashi, au kijana wa Mombasa anayekwenda kusoma India, kwa nini amechanjwa homa ya manjano. Atakujibu kwamba bila kadi asingepita mpakani. Jibu hilo ni la kweli, lakini linanisikitisha, kwa maana ndani yake kadi imeimeza chanjo. Mtu akishaamini kwamba kinachotakiwa ni karatasi, ataitafuta karatasi kwa njia ya mkato. Wapo wanaoiuza bila sindano, na wapo wanaoinunua wakidhani wamemshinda ofisa wa afya. Ofisa anaweza kudanganyika. Mbu atakayemuuma msafiri huyo siku ya pili ya safari hataangalia muhuri.

Makao ya asili ya virusi vya ugonjwa huu ni msituni, baina ya kima na mbu. Jinsi vinavyotoka huko vikamfikia binadamu tulifundishwa hapa hapa Afrika Mashariki. Mwaka 1936 ilianzishwa Entebbe taasisi ya utafiti wa homa ya manjano, ambayo leo ni Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda. Watafiti wake walipiga kambi Bwamba, chini ya milima ya Ruwenzori, wakapanda hadi kwenye vilele vya miti kuwakamata mbu. Huko juu walimkuta mbu anayewauma kima giza linapoingia. Kima hao hao hushuka mchana kuiba ndizi mashambani, na kwenye migomba yupo mbu wa aina nyingine, anayetaga katika maji machache yanayotuama pale jani linaposhikana na shina. Mbu huyo wa pili humuuma kima mwizi, kisha humuuma mwenye shamba. Mnyororo ukakamilika hivyo, kutoka kileleni hadi uani. Kazi hiyo ndiyo iliyozaa pia ugunduzi wa virusi vya Zika mwaka 1947, katika damu ya kima aliyewekwa kama chambo kwenye msitu wa Zika, karibu na Entebbe. Wanafunzi wangu wanajua kwamba siachi kuitaja Bwamba, na sitaacha.

Mjini hahitajiki kima wala mgomba. Yupo mbu aitwaye Aedes aegypti, mweusi mwenye madoa meupe miguuni, anayeuma mchana na kuzaliana kwenye mapipa ya maji, matairi yaliyotupwa, makopo na vifuu vya nazi. Daktari wa Cuba, Carlos Finlay, alimtaja kuwa ndiye mshukiwa mwaka 1881, akapuuzwa kwa karibu miaka 20, hadi tume ya madaktari iliyoongozwa na Walter Reed ilipothibitisha maneno yake huko Havana mwaka 1900. Mbu huyo tunaye. Homa ya dengue iliyowalaza watu wengi Dar es Salaam mwaka 2014, na tena mwaka 2019, ililetwa majumbani na yeye huyo huyo.

Hapa ndipo hoja yangu ilipo. Shirika la Afya Duniani huiweka Tanzania miongoni mwa nchi ambazo uwezekano wa kuambukizwa homa ya manjano ni mdogo, na kwa hiyo chanjo hii haimo katika ratiba ya watoto wetu. Tunafurahia hali hiyo, na ni haki yetu kuifurahia. Lakini ina maana kwamba katika jiji la mamilioni ya watu, mbu yupo na kinga haipo. Kinachokosekana ni virusi peke yake, na virusi husafiri kwa basi na kwa ndege ndani ya damu ya mtu. Kila msafiri asiyechanjwa anayerudi kutoka nchi yenye maambukizi ni jambo linalomhusu jirani yake ambaye hajawahi hata kuvuka mto Ruvu.

Yaliyotokea Angola yatoshe kuwa ushahidi. Mlipuko ulianza Desemba 2015 katika kitongoji cha Viana, Luanda, ukavuka hadi Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Wafanyakazi wa Kichina waliokuwa Angola walirudi kwao wakiwa wagonjwa, 11 kwa jumla, na ndiyo mara ya kwanza homa ya manjano kuthibitishwa bara la Asia. Wagonjwa wawili walirejea nao Kenya. Chanjo ikaadimika duniani, kwa sababu watengenezaji wake ni wachache na virusi vyake hukuzwa ndani ya mayai ya kuku, kazi isiyoharakishwa. Agosti 2016, mjini Kinshasa, ilibidi dozi moja igawanywe kwa watu watano, na zaidi ya watu milioni 7 wakachanjwa kwa namna hiyo. Hatua hiyo ilizaa matunda. Hata hivyo ilionyesha jinsi akiba ilivyokuwa nyembamba.

Wala tusidhani kwamba ugonjwa uko mbali magharibi. Ethiopia, kati ya mwaka 1960 na 1962, inakadiriwa kupoteza watu 30,000. Bonde la Kerio, Kenya, lilikumbwa mwaka 1992. Machi 2022 Kenya ilitangaza mlipuko Isiolo. Ndiyo maana abiria anayetoka Kenya kuingia Tanzania huulizwa kadi mpakani Namanga. Kisheria ametoka nchi yenye hatari, hata kama nyumba yake ipo Nairobi ambako hatari ni ndogo sana. Kongo humtaka kila mgeni awe amechanjwa, atokako kokote.

Sasa chanjo yenyewe. Mwaka 1927, katika nchi ambayo leo ni Ghana, watafiti walichukua damu ya mgonjwa mmoja aitwaye Asibi. Yeye alipona. Mtafiti Adrian Stokes, aliyeshiriki kazi hiyo, alikufa Lagos kwa ugonjwa huo huo mwaka huo huo, na mwaka uliofuata akafa nao mtafiti mwingine, Hideyo Noguchi, mjini Accra. Virusi vilivyotoka katika damu ya Asibi vilifika New York, ambako Max Theiler na wenzake walivikuza kizazi baada ya kizazi hadi vikapoteza ukali. Chanjo hiyo, 17D, ilianza kutumika mwaka 1937, na Theiler akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1951. Asibi hakupewa tuzo yoyote. Kila chanjo ya homa ya manjano inayochomwa leo, iwe imetengenezwa Dakar au Rio de Janeiro, asili yake ni damu ya Mwafrika huyo, na naona ni wajibu wa vyuo vyetu kulitaja jina lake kabla ya jina la Theiler.

Dozi moja hukukinga maisha yako yote. Tangu tarehe 11 Julai 2016 kanuni za kimataifa za afya zinatamka hivyo, hata kwa kadi za zamani zilizoandikwa miaka 10. Lakini kadi huanza kutambuliwa siku 10 baada ya sindano, kwa kuwa mwili unahitaji muda huo kujenga kinga. Anayechanjwa leo akasafiri kesho anaondoka na kadi isiyofaa na mwili usio na kinga. Ikiwa wewe ni mwanafunzi na unatakiwa pia chanjo ya surua, zipate zote mbili siku moja au ziachanishe kwa wiki nne, maana zote ni chanjo hai.

Kwa sababu ni chanjo hai, haimfai kila mtu. Mtoto wa chini ya miezi sita hachanjwi kabisa. Mwenye mzio mkali wa mayai, anayeishi na VVU huku kinga yake ikiwa imeshuka sana, na aliyewahi kuugua tezi ya thaimasi, hawapaswi kuchanjwa. Mjamzito na mwenye umri wa miaka 60 au zaidi wapimiwe faida na hatari na daktari kabla ya sindano. Madhara makubwa ni nadra, lakini yapo, na mchanjaji asiyekuuliza maswali haya hajakutendea haki. Asiyeweza kuchanjwa huandikiwa cheti cha msamaha. Cheti hicho kinaweza kumpitisha mpakani bila kumpa kinga, na mimi ningemshauri aiahirishe safari kama anakokwenda kuna mlipuko.

Ikague kadi yako kabla hujaondoka kwenye dirisha la kituo cha chanjo. Jina lifanane na la pasipoti. Tarehe na namba ya toleo la chanjo ziwepo. Saini iwe ya mkono wa mhudumu, kwa kuwa muhuri hauchukui nafasi ya saini. Mambo haya yanaonekana madogo, lakini Machi 2012 Afrika Kusini iliwarudisha Wanigeria 125 kwa madai ya kadi batili, Nigeria nayo ikawarudisha Waafrika Kusini, na mgogoro ukaisha kwa Afrika Kusini kuomba radhi.

Ukifika uendako, kumbuka kwamba mbu huyu huuma mchana. Chandarua cha usiku kitakukinga na malaria. Saa nne asubuhi sokoni kinachokusaidia ni mikono mirefu na dawa ya kujipaka.

Namalizia na wanaorudi. Ugonjwa hujitokeza siku tatu hadi sita baada ya kuumwa na mbu: homa, kichwa, mgongo, kutapika. Wengi hupata nafuu. Baadhi, baada ya nafuu ya siku moja hivi, homa huwarudia, macho huwa manjano, mkojo huwa mweusi, damu huanza kutoka, na nusu ya waliofikia hapo hufariki. Dawa ya kuua virusi hivyo haipo. Kuna matunzo ya hospitali tu. Kwa hiyo ukipata homa baada ya kurudi, usimeze aspirini wala diklofenaki, wala usiridhike kupima malaria peke yake. Nenda kituo cha afya mapema, lala ndani ya chandarua hata mchana ili mbu wa mtaani kwako wasichukue damu yako, na umwambie daktari ulikotoka na tarehe uliyorudi kabla hajakuuliza.