Jina la Kitu na Njia ya Kukipata: Kumbukumbu za Makumbusho na Deni la Wanaisimu



Mada yangu yaweza kuonekana kuwa ya wakutubi na wahifadhi wa makumbusho. Nakusudia kuonyesha kwamba kiini chake ni lugha, na kwamba sisi wa taaluma za Kiswahili tuna deni humo.

Kila kitu kilichohifadhiwa katika makumbusho kina kumbukumbu yake: jina, mahali kilikotoka, tarehe, aliyekikusanya na watu waliokitumia. Maelezo hayo ndiyo yaitwayo metadata. Zamani yalikaa katika daftari au kadi. Siku hizi makumbusho mengi huyatuma kwa mkusanyaji wa taifa, yaani taasisi inayoziunganisha kumbukumbu ili zitafutwe mahali pamoja mtandaoni. Nchini Ujerumani kazi hiyo hufanywa na Deutsche Digitale Bibliothek, ambayo nayo huzipeleka Europeana, hazina ya Ulaya iliyofunguliwa mwaka 2008. Mwaka 2021 taasisi hiyo ya Ujerumani ilifungua tovuti mahususi ya vitu vilivyotoka katika makoloni.

Jambo hili latuhusu vipi? Tuitazame Bulyaga, kata ya mji wa Tukuyu, wilayani Rungwe. Wamisionari wa Moravian walifika Rungwe mwaka 1891. Baadaye utawala wa Kijerumani ulihamisha makao yake kutoka Langenburg, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, ukauita mji wa Tukuyu Neu-Langenburg. Nao Wanyakyusa waliandikwa "Konde": sarufi ya Schumann ya mwaka 1899 ni ya lugha ya "Konde", na Friedrich Fülleborn, katika kitabu chake cha mwaka 1906 juu ya nchi za Nyasa na Ruvuma, alitumia jina hilo hilo. Si ajabu basi kwamba vitu vilivyochukuliwa miaka ile viliingia madaftarini kwa majina ya namna hiyo.

Na tumfikirie mwanafunzi wa Bulyaga anayetafuta kibuyu cha maziwa cha enzi hizo. Akiandika "Tukuyu", kumbukumbu inayosema "Langenburg" haitokei. Akiandika "Wanyakyusa", mashine inayolinganisha herufi tu haijui kwamba kiambishi wa- si sehemu ya shina, hivyo huipita kumbukumbu yenye "Nyakyusa". Akishauriwa kujaribu "Konde", huenda akaletewa vinyago vya Wamakonde. Kibuyu kipo, njia ya kukifikia ndiyo iliyoziba.

Kushirikishana kumbukumbu hakuliondoi tatizo hili, hulieneza. Kosa lililokuwa katika kadi moja sasa huonekana katika tovuti tatu. Tena, likisahihishwa kwa mkusanyaji peke yake, laweza kurudi pindi makumbusho yatakapotuma kumbukumbu zake upya. Hatuna budi kusahihisha kwenye chimbuko.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, jina la kale lisifutwe, maana ndilo linalokiunganisha kitu na maandishi ya wakati wake. Jina la leo liwekwe kando yake, kila moja likitajiwa lugha na kipindi. Muundo wa LIDO, uliotolewa mwaka 2010 kwa ajili ya kubadilishana kumbukumbu za makumbusho, unaruhusu kitu kimoja kuwa na majina mengi.

Pili, tuwe waangalifu na alama za lugha. Katika orodha ya kimataifa ya ISO 639-3, Kinyakyusa na Kingonde vina alama nyy, ilhali kde ni Kimakonde. Karani mwenye haraka akiona "Konde" na kuchagua kde, amewahamisha watu kutoka chini ya Mlima Rungwe hadi karibu na mto Ruvuma kwa herufi tatu tu.

Tatu, tafsiri ya Kiswahili isichukuliwe moja kwa moja kutoka Kijerumani. Neno "kibuyu" peke yake halitoshi. Waulizwe wazee wa Bulyaga: kinaitwaje kwa Kinyakyusa, kilikuwa cha maziwa au cha pombe, nani aliruhusiwa kukishika?

Wapo wasemao kwamba tusubiri kumbukumbu zisafishwe ndipo zitolewe hadharani. Sikubaliani nao. Kumbukumbu iliyofichwa haiwezi kusahihishwa na yule anayeijua kweli yake. Zitolewe pamoja na dosari zake, ila uwekwe mlango wa kupokelea masahihisho, na mlango huo ukubali Kiswahili.

Mabibi na mabwana, mijadala ya kurejeshwa kwa mali zetu huanzia kwenye orodha. Hatuwezi kudai, wala kutafiti, kitu tusichojua kilipo. Kazi ya majina haihitaji mitambo ya gharama. Yahitaji watu wanaojua lugha na wanaojua kuuliza. Watu hao wamo humu ukumbini.