Chumba cha Bei Rahisi na Hatari Yake



Nimeombwa nizungumze juu ya makazi ya wananchi wa mwambao wetu, nami nitaanzia mbali, katika jiji la London, kabla ya kurudi hapa kati ya Kibirizi na Ujiji. Nafanya hivyo kwa sababu iko fikra moja iliyozoeleka miongoni mwetu, ambayo yafaa ing'olewe mapema. Fikra yenyewe ni kwamba nyumba mbaya ni ugonjwa wa nchi maskini, na kwamba siku tutakapopata fedha za kutosha ugonjwa huo utapona wenyewe.

Usiku wa tarehe 14 Juni 2017, jumba la ghorofa 24 liitwalo Grenfell Tower, magharibi mwa London, liliwaka moto. Watu 72 walipoteza maisha. Moto ulianzia katika friji ndani ya jiko la fleti moja, ukatokea dirishani, ukashika vibao vilivyokuwa vimebandikwa nje ya jumba zima katika ukarabati uliokamilika mwaka 2016. Vibao hivyo vilikuwa na plastiki ndani yake, na plastiki huwaka. Jumba hilo limo katika wilaya ya Kensington na Chelsea, ambayo ni miongoni mwa wilaya zenye matajiri wengi kuliko zote nchini Uingereza. Wapangaji walikuwa wamelalamika kwa miaka mingi, na kikundi chao kiliandika mwezi Novemba 2016 kwamba wao wanaona ni maafa tu yatakayowafanya wakubwa wasikie. Miezi saba baadaye maafa yakaja. Uchunguzi uliotoa ripoti yake ya mwisho mwezi Septemba 2024 ulithibitisha kwamba vifo vyote vingeweza kuepukwa.

Katika mji wa Rochdale, kaskazini mwa nchi hiyo hiyo, mtoto wa miaka miwili, aliyezaliwa na wazazi kutoka Sudan, alifariki mwezi Desemba 2020 kwa sababu ya kuvuta hewa ya kuvu iliyotanda katika kuta za fleti yao. Baba yake alikuwa amekwisha kulalamika mara nyingi. Alishauriwa apake rangi juu ya kuvu. Bunge lao likatunga sheria mwaka 2023 ya kuwalazimisha wenye nyumba za jamii kushughulikia unyevu na kuvu kwa muda maalumu. Sheria ni njema, lakini angalieni imeletwa na nini.

Mtu atauliza, kwa nini watu hao hawakuhama? Jibu ni kwamba hawakuwa na mahali pa kuhamia. Tangu mwaka 1980 Serikali ya nchi hiyo iliwauzia wapangaji nyumba za halmashauri, na zaidi ya nyumba milioni moja zikatoka katika mikono ya umma bila kujengwa nyingine za kutosha kuziba pengo. Mnyonge aliyebaki akawa na mambo mawili ya kuchagua: foleni ndefu ya kusubiri, au kodi ya mwenye nyumba binafsi. Nasi tusiwacheke. Sisi pia tulianza kuwauzia watumishi nyumba za Serikali mwaka 2002, na ubishi wake ulikuwa mkali hadi Bungeni. Walionunua walipata makao, na siwaonei kijicho. Lakini mtumishi kijana anayehamishiwa wilaya mpya leo huziona nyumba zile barabarani, zimezungushiwa kuta mpya, naye anaulizia chumba kwa dalali.

Sasa turudi nyumbani.

Ujiji ni mji wa kale, nao ulijifunza kujenga kutoka pwani kwa njia ile ile iliyoleta biashara na kuwapeleka watu utumwani. Nyumba ya Kiswahili, yenye baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na uani nyuma penye jiko na choo, ilikuja na misafara. Ni nyumba nzuri kwa familia moja yenye jamaa wengi. Lakini leo kila chumba kina mpangaji wake, na katika chumba kimoja kuna mume, mke, watoto watatu, magunia na jiko la mkaa. Uani choo ni kimoja kwa watu ishirini. Ramani ya nyumba haikubadilika. Kilichobadilika ni hesabu ya watu. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu zaidi ya watu 215,000 katika Manispaa ya Kigoma Ujiji, na ile ya mwaka 2022 ikapata zaidi ya 230,000.

Naomba tukitazame chumba hicho kwa makini, maana ndimo wanamolala wanafunzi wetu. Msimu wa mvua, ambao kwetu huanza mwezi Oktoba na kuendelea hadi Mei, mama hawezi kupika uani. Huliingiza jiko la mkaa ndani na kufunga mlango kwa ajili ya baridi na mvua. Mkaa unaoungua mahali pasipo na hewa hutoa gesi isiyo na harufu wala rangi, nayo huua watu usingizini. Jirani husema asubuhi kwamba wamerogwa. Tena tazameni uwazi ulioachwa kati ya ukuta na bati. Mbu hupita hapo kama mlangoni. Utafiti wa taifa wa mwaka 2017 ulionyesha kwamba mkoa wetu ndio ulioongoza nchini kwa malaria ya watoto wa chini ya miaka mitano. Karibu robo ya waliopimwa walikuwa na vimelea. Tumegawiwa vyandarua, na ni jambo la kushukuru, walakini wavu wa dirishani na dari la kuziba uwazi ule ni kazi ya fundi ya siku mbili. Mwenye nyumba haifanyi kwa kuwa yeye halali humo, na mpangaji haifanyi kwa kuwa anajua kwamba akiitengeneza nyumba, kodi itapandishwa mwezi ujao.

Hapo ndipo penye kiini cha maneno yangu. Chumba chenye hatari huwa na bei rahisi, na bei hiyo ndogo ni malipo anayopewa mpangaji ili aivumilie hatari. Chumba kilicho juu ya mlima, chenye msingi wa mawe na choo chake, ni ghali. Chumba kilicho bondeni, kwenye njia ya maji, ni rahisi. Kwa hiyo tunapomlaumu mwananchi kwamba amechagua kukaa mahali pabaya, tunasahau kwamba mfuko wake ndio uliochagua.

Tuchukue mfano wa ufukweni. Mvuvi wa dagaa na migebuka hufanya kazi usiku wa giza kwa taa. Mbalamwezi ikikomaa, samaki hawaifuati taa, na kipato hukatika. Mtu wa namna hii hawezi kulipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo mmoja, wala hawezi kukaa Gungu na kuuacha mtumbwi wake Kibirizi au Katonga. Serikali ilipofunga uvuvi katika ziwa letu kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, kwa sababu njema ya kuwapa samaki nafasi ya kuzaana, maelfu ya watu walikaa miezi mitatu bila kazi yao ya kila siku. Tulizungumza sana juu ya samaki. Juu ya kodi za vyumba vya wavuvi hao sikusikia mtu akisema neno.

Na ziwa lenyewe lina tabia zake. Katika miaka ya 1870 maji yalipanda mpaka yakafungua njia ya Mto Lukuga upande wa Kongo mnamo mwaka 1878, kisha yakashuka. Baada ya mvua kubwa za mwaka 1961 yakapanda tena hadi mwaka 1964. Yaliposhuka watu wakajenga pale palipokauka, na wajukuu wao wakadhani kwamba hapo ni nchi kavu tangu Adamu. Mwaka 2020 na 2021 ziwa likarudi kudai mahali pake: Gatumba karibu na Bujumbura, Uvira, Kalemie, na kwetu Kibirizi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Sheria hiyo ni ya busara. Lakini mita 60 huhesabiwa kutoka ukingo upi, wa mwaka wa maji mengi au wa mwaka wa ukame? Afisa anayekwenda na kamba ya kupimia hana budi kulijibu swali hilo kabla hajaweka alama nyekundu ukutani. Na baada ya alama nyekundu liko swali la pili, yaani kiwanja kipi kilichopimwa kinamngoja mvuvi huyo, kwa bei gani, na umbali gani kutoka majini.

Watu wa kizazi changu tunakumbuka Operesheni Kigoma ya mwaka 1972, watu walipohamishiwa vijijini. Makusudi yake yalikuwa kuwaweka wananchi karibu na shule, zahanati na maji. Mahali pengi watu walifika kabla ya maji. Somo hilo tumelilipia, kwa hiyo tusilipe mara ya pili kwa kuwahamisha watu wa ufukweni kabla hatujawaandalia wanakokwenda. Mwaka uliofuata, 1973, tulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya, ambayo kwa redio na vikundi vya kusoma iliwafikia watu wapatao milioni mbili nchini. Watu walichimba vyoo, walifyeka nyasi, walifukia madimbwi.  Nawataja kwa sababu wanaojidai kwamba wananchi hawabadiliki hawakuwapo.

Kuhusu uimara wa kuta nitasema kwa ufupi. Tunaishi katika Bonde la Ufa. Tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko la ukubwa wa 6.8 lilitokea chini ya ziwa hili hili, likaangusha nyumba Kalemie ng'ambo ya pili. Tarehe 10 Septemba 2016 ndugu zetu wa Bukoba walipatwa na tetemeko dogo zaidi, la 5.9, nalo likaua na kubomoa nyumba kwa maelfu. Tofali bichi lililojengwa kwa udongo, bila msingi wa mawe na bila mkanda wa zege juu ya madirisha wa kuzifunga kuta nne ziwe kitu kimoja, haliwezi kustahimili. Saruji ni ghali, na katika vijiji kama Mwamgongo, ambako ardhi ni ukanda mwembamba kati ya mlima na maji, mfuko wa saruji hupanda boti na bei yake hupanda pamoja nao. Ndiyo maana nyumba ya mwalimu wa kijiji cha mwambao mara nyingi ni ile aliyoiacha mwalimu aliyehama, na nyufa zake.

Nanyi wapangaji wenzangu mlioajiriwa, msidhani nimewasahau. Mwalimu mpya hufika kituoni na barua ya ajira, na kabla hajaonja mshahara anadaiwa kodi ya miezi sita, pengine mwaka mzima, pamoja na kodi ya mwezi mmoja ya dalali. Anakopa, na anaanza kazi akiwa mtumwa wa deni. Zamani palikuwa na Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba ya mwaka 1984 pamoja na mabaraza yake. Ilifutwa mwaka 2005. Sitetei kila kilichokuwamo. Wenye nyumba nao wana hoja yao, kwani kodi ikibanwa mno nyumba haikarabatiwi, na wengi wao ni wajane na wastaafu wanaoishi kwa vyumba viwili vya kupangisha. Si mabepari hao. Lakini kati ya kubana mno na kuachia kabisa pana nafasi kubwa, na ndani ya nafasi hiyo kodi ya miezi mitatu mitatu ingeweza kuwekwa na kusimamiwa bila kumfilisi mtu. Kwa sasa mpangaji mwenye shauri hana budi kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Muuza dagaa anayedai dirisha lenye wavu hawezi kwenda huko. Atapoteza siku tatu za biashara kwa ajili ya wavu.

Pendekezo langu si la fedha nyingi. Kila ofisi ya mtaa iwe na daftari la malalamiko ya nyumba: tarehe, jina la mtaa, kasoro yenyewe, jina la mtumishi aliyepokea, na tarehe aliyokwenda kutazama kwa macho yake. Bwana afya alisome kila mwezi. Diwani aliombe kabla ya kikao, na asome kwa sauti malalamiko yaliyokaa miezi miwili bila jibu. Wale wa Grenfell na yule baba wa Rochdale walikuwa wamesema. Maneno yao yalipokewa mezani na hayakumpata mwenye wajibu wa kuyajibu kwa jina lake. Mafundi wetu wa mitaani nao waitwe katika chuo cha ufundi kwa wiki mbili tu, wafundishwe mkanda wa zege na namna ya kufunga paa lisiezuliwe na upepo, kwa maana hao ndio wanaojenga mji huu, na wahandisi hujenga sehemu ndogo sana.

Daftari hilo mnaweza kulianza wenyewe kabla ya mvua za Oktoba, bila kungoja waraka. Wanafunzi wa darasa la sita wanaweza kuhesabu katika mtaa wao vyumba visivyo na dirisha, na hesabu hiyo ni hisabati halali kabisa.

Ndugu Mwenyekiti, muda wangu umekwisha, na naona wenzetu kutoka Katonga na Kibirizi wameinua mikono. Afadhali tuwasikilize wao.