Umri wa Kurasa: Marejeo Yetu Kuhusu Ndege Mbuai wa Afrika Mashariki



Anayetaka kusoma habari za tai hujikwaa mlangoni. Katika kamusi zetu jina hilo humbeba ndege anayewinda na pia ndege anayengoja mzoga. Kijijini nako, mwewe ni yeyote anayenyakua vifaranga. Ndiyo maana tunashika jina la kisayansi: Gyps africanus ni tumbusi yule yule, awe Serengeti au Maasai Mara.

Hata hivyo, jina hilo nalo huchakaa. Mwewe wetu mwenye mdomo wa njano yumo katika vitabu vingi vya zamani chini ya Milvus migrans. Orodha kadhaa za sasa zinamtenga na kumwita Milvus aegyptius. Msomaji asiyelijua hilo atahesabu ndege wawili mahali alipo mmoja.

Hoja yangu leo ni kwamba kitabu kimoja huzeeka kwa kasi tofauti, ukurasa kwa ukurasa.

Kinachodumu ni ushuhuda wa macho. Leslie Brown alikaa miaka mingi akiyatazama matago ya tai huko Embu, nchini Kenya. Alifariki mwaka 1980, na juzuu ya kwanza ya The Birds of Africa, aliyoiandaa pamoja na Urban na Newman, ikatoka 1982. Yaliyoandikwa humo kuhusu Stephanoaetus coronatus, tai wa msituni ambaye kwa kawaida hulea kinda mmoja kila baada ya miaka miwili, bado yana uzito.

Mwongozo wa Stevenson na Fanshawe wa mwaka 2002 unatufaa kwa utambuzi katika nchi tano, kuanzia Kenya hadi Burundi. Utauhitaji ukikutana na kinda wa pungu: ana rangi ya kahawia mwili mzima na mkia mrefu kuliko wa wazazi wake, na huchukua miaka kadhaa kufanana nao.

Kinachooza upesi ni habari za wingi wa ndege. Mwongozo wa 2002 haungeweza kujua kwamba mwaka 2015 IUCN ingemweka tumbusi huyo wa Serengeti katika daraja la mwisho la hatari kabla ya kutoweka porini. Sababu mojawapo ni sumu inayotiwa kwenye mizoga ili kuua simba na fisi. Kwa swali hilo, fungua Orodha Nyekundu ya mwaka huu.

Wanafunzi wangu, ngozi ya ndege iliyohifadhiwa katika jumba la makumbusho huwa na kijikaratasi mguuni kinachotaja mahali na tarehe alipopatikana. Bila kijikaratasi hicho, thamani yake kwa mtafiti hupungua sana. Nanyi mkiandika mliyoyaona, yafungeni kijikaratasi chake: ndege yupi, wapi, lini.