Kumchagua Mtumishi wa Chama

(Mazungumzo yaliyotolewa Ivuna mbele ya makatibu na wanachama wa vyama vya msingi)



Kazi yangu ya miaka mingi imekuwa kutafuta makatibu, mameneja na makarani wa mizani kwa ajili ya vyama.

Kamati iliyochunguza ushirika mwaka 1966 ilitaja uhaba wa watumishi wenye ujuzi. Mwaka 1968 ikaundwa tume moja ya kusimamia ajira ya watumishi wa ushirika nchini. Wasomi walipatikana, lakini mwanachama alianza kumwona katibu kuwa mtu wa Serikali. Vyama vikuu vilivunjwa mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria ya 1982. Siku hizi Bodi zenu ndizo zinazoajiri, na lawama ni yenu pia.

Nitawasimulia kosa langu. Chama kimoja, si cha hapa, kilikuwa na waombaji wawili. Mmoja alikuwa na cheti kizuri na barua ya mtu mkubwa. Wa pili alimaliza darasa la saba, akashika mizani misimu minne. Niliishauri Bodi imchukue wa kwanza. Msimu ulipokwisha, tulikagua vitabu. Mama mmoja asiyejua kusoma alileta ufuta wake. Kitabu cha mizani kilionyesha kilo 310, stakabadhi yake kilo 240. Kilo 70 ziliandikwa kwa jina la mtu asiye na shamba. Nikasafiri hadi chama alichotoka kijana yule. Mwenyekiti wao, mzee mpole, akaniuliza, “Mbona hukuja kutuuliza mapema?” Sikuwa na jibu. Nauli ya basi ndiyo niliyoionea uchungu. Yule mama hajalipwa kilo zake hadi leo.

Tangu hapo sikumpendekeza mtu kabla ya kufika alikofanya kazi na kuzungumza na wakulima, si viongozi peke yao. Tena nilimjaribu kwa kazi yenyewe. Nilimpa gunia alipime na kutoa uzito wa gunia tupu. Nikampa stakabadhi kumi, moja ina kosa la kujumlisha, nikanyamaza. Aliyeliona kosa akalisema, huyo nilimwandika. Ninyi watu wa Ivuna, ambao chumvi yenu ilichemshwa hapa tangu karne ya 13, mwajua kwamba mnunuzi huionja kwanza.

Juu ya jamaa za viongozi, nitasema machache, maana wengine mmeketi hapa. Mpwa wa Mwenyekiti aweza kuwa karani hodari. Lakini Mwenyekiti na atoke nje ya chumba wakati mpwa wake anapohojiwa, na muhtasari uandike kwamba alitoka.

Nimemwachia Katibu wenu karatasi ya maswali niliyokuwa nikiitumia. Msimu wa ufuta haujafika; muda wa kuwatembelea waliowaajiri waombaji wenu bado upo.