Waokota Masazo

Somo letu la leo limo katika Kitabu cha Ruthu, mlango wa pili. Lakini kabla ya kulifungua tunataka mtazame picha, na kwa kuwa redio haina macho, itawabidi mtazame kwa masikio.

Picha hii ilichorwa na Mfaransa mmoja, Jean-François Millet, mwana wa mkulima, aliyezaliwa mwaka 1814 na kufanya kazi ya shamba tangu ujana wake. Ilionyeshwa Paris mwaka 1857. Wanawake watatu wamo katika shamba la ngano lililokwisha kuvunwa. Wawili wameinama hata mikono yao inafika chini, na mmoja wao ameuweka mkono wa pili mgongoni. Wa tatu ameinuka nusu. Wanaokota masuke yaliyoachwa na wavunaji. Mama yeyote wa Butere au Malava aliyepalilia mahindi anaujua mgongo huo bila kufundishwa.

Sasa tazameni nyuma yao, mbali. Kuna malundo makubwa ya ngano, gari linalopakiwa, watu wengi, na msimamizi juu ya farasi. Mavuno ni tele. Lakini kati ya wingi huo na wanawake watatu pana uwanja mtupu, wala hapana hata mtu mmoja anayeuvuka. Wenye mali wengi wa Paris hawakuipenda. Mapinduzi ya mwaka 1848 yalikuwa hayajasahauliwa, nao hawakutaka kuwekewa maskini mbele ya macho namna hiyo.

Miaka minne kabla yake, mwaka 1853, Millet alikuwa ameonyesha picha nyingine. Wavunaji wameketi wanakula, na mtu mmoja anamleta kwao mwanamke mwenye haya, mwokota masazo. Picha hiyo hapo kwanza aliiita Ruthu na Boazi. Humo uwanja ule unavukwa.

Sheria ya Musa, katika Walawi 19, ilimkataza mwenye shamba kuvuna hata pembeni kabisa. Masazo yalikuwa ya maskini na mgeni. Boazi angeweza kutii hivyo tu na kwenda zake. Yeye aliuliza msichana yule ni wa nani, akamkaribisha chakulani, akampa bisi, kisha akawaagiza vijana wake wachomoe masuke katika miganda kwa makusudi na kumwachia, wala wasimkemee.

Hilo la kutomkemea tusilipite upesi. Hapa Kakamega, mahindi yakiisha kuvunwa, mjane hupita shambani nyuma ya wenyewe, akitafuta bua lililoanguka na hindi lake, au maharagwe yaliyosahauliwa. Ziko nyumba ambako huitwa mwizi. Tunajua mashamba yamegawanywa kwa wana na wajukuu hata mengine hayafiki ekari moja, na karo ya shule inangoja. Mwenye nusu ekari atabakiza pembe gani? Swali hilo si la mzaha, na Musa hakutaja pembe iwe kubwa kiasi gani. Lakini hata mwenye nusu ekari anaweza kumwuliza mtu jina lake.

Na kanisa je? Siku ya Sikukuu ya Mavuno tunaleta ndizi, kuku na mahindi mbele ya madhabahu, na baada ya ibada vitu hivyo huuzwa kwa mnada. Hatusemi mnada ni mbaya. Umeezeka mapaa mengi. Ila anayepandisha bei ni mwenye fedha, naye mjane yule husimama karibu na mlango akitazama kuku wakipita. Basi wazee wa kanisa watakapokutana kupanga Sikukuu ijayo, waulizane kabla ya mambo mengine yote: ni madebe mangapi ya mahindi yatakayowekwa kando mnada haujaanza, kwa ajili ya nani, na ni nani atakayeyabeba mpaka mlangoni pake.